Aqua langu, IST ya jirani na woga wa betri

Mhariri,

Mwezi uliopita msomaji mmoja wa safu hii aliwaonya wastaafu wenzake wasithubutu kununua gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa sababu siku ya kuliuza hawatapata mtu wa kulinunua. Barua yake nimeikata na kuibandika kwenye jalada la ndani la daftari langu la mafuta. Ina ukweli, ila ni nusu, na nusu iliyobaki nimeilipia kwa fedha yangu, kwa hiyo naomba nafasi niiseme.

Nimefundisha Hisabati sekondari kwa miaka 34 na nilistaafu Desemba 2023. Daftari ninalolitaja ni kaunta buku la kawaida. Tangu Machi 2019, kila nilipotia mafuta niliandika tarehe, lita, bei na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Walimu wenzangu walinicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nitalisahihisha pia.

Mwezi huo wa Machi, mimi na jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Segerea, mwenye duka la dawa, tulinunua magari ndani ya wiki mbili. Yeye alichukua Toyota IST ya 2004, ya petroli tupu, kwa milioni 12.8. Mimi kwa mkopo wa SACCOS nikachukua Toyota Aqua la 2012, ambalo ni haibridi, kwa milioni 14.2, hadi linawekwa namba na kuingia barabarani. Wengi watashangaa gari lenye umri wa miaka 15 kukaribiana bei na la miaka saba. Siri iko kwenye ushuru. Gari dogo likizidi miaka 10 tangu kutengenezwa, mamlaka ya mapato, TRA, huliongezea ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na IST ile ya kwanza, tunayoipenda sisi, iliacha kutengenezwa 2007. Kila inayoshushwa bandarini leo inabeba mzigo huo, na kwa hiyo zile zilizokwisha kuingia nchini hazishuki bei. Mwenye IST namba D, yaani yenye usajili wa herufi D, anatembea kifua mbele kana kwamba ana kiwanja. Aqua langu liliingia likiwa bado halijafika umri wa kutozwa. Nilijiona mjanja.

Na kwa miaka mitano nilikuwa mjanja kweli. Safari yangu ilikuwa Segerea hadi Upanga na kurudi, kupitia Buguruni, na kila aliyewahi kukaa foleni ya Buguruni saa 12 na nusu asubuhi anajua injini inavyounguruma bure. Ya Aqua inazima. Gari linasogea hatua kwa hatua kwa umeme, kimya, hadi muuza karanga anashtuka likiwa kiunoni mwake. Ukikanyaga breki, ile nguvu ya kusimama inarudi kwenye betri badala ya kuishia kwenye pedi, na pedi nilibadilisha mara moja tu kwa miaka yote mitano. Daftari linasema nilitembea kilomita 54,000 na kutia lita 2,700. Hiyo ni kilomita 20 kwa lita moja. Jirani yangu, kwa hesabu yake mwenyewe aliyoifanya kwa shingo upande, alikuwa anapata 12. Kwenda Morogoro tofauti inapungua, maana njia kuu IST nayo hainywi sana. Ila mimi Morogoro nakwenda Pasaka na Krismasi tu.

Basi nikastaafu, safari ya kila siku ikaisha, na binti yangu wa mwisho akawa anadaiwa ada ya chuo. Nikaamua kuuza. Hapo ndipo msomaji mwenzangu anaponipata.

Mteja wa kwanza aliletwa na jamaa wa kanisani, kijana na mkewe, watu wa adabu, pamoja na mjomba wao ambaye inaonekana huchukuliwa kila panaponunuliwa kitu. Gari lilikuwa limelala uani wiki tatu bila kuguswa. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Dashibodi ikawaka taa zote kwa pamoja, nyekundu, njano, pembetatu yenye alama ya mshangao, ikapepesa, ikazima. Nikabonyeza tena. Kukasikika mlio mdogo wa kukatakata kama mjusi, basi. Mjomba akarudi nyuma hatua mbili. "Si niliwaambia? Betri hiyo. Imekufa." Yule binti akanitazama kwa huruma, akaniambia pole mama, kama nimefiwa. Hata chai hawakumaliza.

Jioni fundi umeme wa hapa mtaani akaja, akafunua kiti cha nyuma, akaweka kipimo chake, akacheka. Kilichokufa ni betri ndogo, ile ya volti 12 ambayo karibu kila gari dogo linayo. Kwenye haibridi hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta, na kompyuta isipoamka, betri kubwa haiunganishwi hata kama imejaa. Gari lisipotembea wiki kadhaa, ndogo inaisha taratibu. Nikanunua mpya kwa shilingi 260,000, gari likaamka kama lililokuwa linasinzia. Lakini mjomba alikuwa ameshapita kijiwe cha madalali pale Tabata Bima. Kesho yake kila aliyenipigia simu alianza kwa kuuliza, "Mwalimu, ile yenye betri mbovu umeshaitengeneza?"

Jirani yangu naye alikuwa anauza wiki hizo hizo. IST yake iliondoka siku ya nne, milioni 10.2. Mnunuzi alifungua boneti, akasikiliza injini, akajaribu AC, akalizungusha mara moja hadi Kinyerezi, wakaandikishana.

Langu lilikaa siku 40. Mwisho akaja dalali mmoja, kijana mtanashati, akanipa shikamoo ya heshima na kulizunguka gari polepole. Aliingia nyuma, akainamisha kichwa na kuweka sikio juu ya kiti, akakaa hivyo kitambo, nami nimesimama nje na ufunguo mkononi. Akatoka akijifuta magoti. "Mama yangu, gari yako nzuri, sikatai. Tatizo betri. Betri ya kutoka Japani, used, mpaka ifungwe, milioni tatu. Nikitoa hiyo, na mimi nile kidogo..." Hakupima kitu chochote. Alikata milioni tatu za ugonjwa ambao hakuuona, na mimi, niliyefundisha watoto miaka 34 kwamba jibu bila njia halina alama, nikakubali milioni 7.9. Ada ilikuwa inasubiri.

Wiki tatu baadaye mwanangu wa kiume akanionyesha tangazo kwenye simu. Nililitambua gari kabla ya kusoma namba, kwa mchubuko wa mlango wa nyuma ambao lango la shule liliuacha 2021. Toyota Aqua, namba D, mmiliki mmoja, mwalimu, AC safi, haidaiwi, betri imepimwa karatasi ipo, milioni 10.4, maongezi yapo.

Nilimpigia. Sikuwa na haki ya kugomba, tuliuziana kwa hiari, lakini mdomo ulikuwa unaniwasha. Hakuona aibu hata kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, gari lilikuwa lako. Mimi nauza karatasi." Karatasi yenyewe, akanieleza bila kinyongo, ilimgharimu shilingi 50,000 kwa fundi mmoja Ilala.

Nikapanda daladala hadi Ilala kwa huyo fundi. Nilitaka kujua hiyo karatasi ya milioni mbili na nusu imeandikwa nini. Ni kijana mpole, mwenye meza iliyopangwa kuliko meza nyingi za walimu wakuu nilizoziona, na kwa bahati alikuwa na Aqua la mtu mwingine mbele yake. Akachomeka kidude kidogo kama kiberiti chini ya usukani, akafungua simu yake. Kwenye kioo vikatokea vijiti 10 vimesimama sambamba, kila kimoja na volti zake. Betri ya Aqua, alinieleza, ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 144, na kompyuta ya gari inavisoma viwiliviwili. Gari likiwa limetulia, vijiti vyote vilikuwa sawa. Kisha akaniambia, "Sasa mama angalia," akakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa wa kulia. Vijiti tisa vikashuka kidogo kwa pamoja. Cha sita kikazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ghafla. Akaachia, kikapanda haraka kupita wenzake. "Huyu ndiye mgonjwa. Mwenye gari hajajua bado, taa haijawaka."

Nikamuuliza la kwangu lilikuwaje. Akatafuta kwenye simu. Vijiti 10, vyote vimeshikana mikono. Tatizo pekee alilolikuta ni feni. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kitundu chenye wavu hapo hapo kitini. Alipofungua feni ya Aqua langu alitoa vumbi lililogandamana na nyuzi, nene kama sufi ya mto. Nikajua mara moja zilikotoka. Miaka mitano nilikuwa napakia mafurushi ya madaftari ya wanafunzi kwenye kile kiti, yanafunika kitundu, tena gari limeanikwa juani Upanga mchana kutwa. Betri hizi za nikeli hufa kwa joto kuliko zinavyokufa kwa kilomita. Yangu ilinusurika kwa rehema za Mungu. Feni kuisafisha ni kazi ya nusu saa, na katika miaka mitano hakuna fundi wa sevisi aliyewahi kunitajia kama ipo.

Kumbe tunachokiogopa hatukijui, na tunachokijua tunakiogopa bure. Watu wanaogopa injini ya haibridi, wakati injini ya Aqua hili, 1NZ-FXE, ni ndugu wa damu wa 1NZ-FE iliyomo kwenye IST ya CC 1500. Fundi anayeweza ya IST anaijua nusu ya Aqua tayari. Halina stata, halina alternata, halina hata feni belti ya kukatika njiani. Vitu ambavyo mwenye IST anavipeleka gereji kila mara, Aqua halikuzaliwa navyo. Limebaki hilo sanduku moja chini ya kiti, na kwa kuwa hakuna anayelifungua, kila mtu analijaza woga wake mwenyewe na kuupangia bei.

Sasa hesabu, ambayo msomaji mwenzangu hakuifanya. Jirani alinunua 12.8 akauza 10.2, amepoteza milioni 2.6. Mimi nilinunua 14.2 nikauza 7.9, nimepoteza milioni 6.3. Amenizidi kwa milioni 3.7, na ukiishia hapo barua ile inashinda. Lakini kwa kilomita zangu 54,000, IST ingekunywa lita 4,500. Mimi nilitia 2,700. Tofauti ni lita 1,800. Bei zenyewe za EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zilitupandisha na kutushusha, katikati ya 2020 zilikuwa chini ya 2,000 na Agosti 2022 petroli ikapita 3,400 hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nimechukua 2,500 kuwa wastani wa kiungwana. Ni milioni 4.5. Pamoja na kuuza kwa bei ya kutupa, pamoja na ujinga wangu wote, bado niko mbele ya jirani kwa laki nane. Ningekwenda Ilala na elfu hamsini yangu kabla ya yule dalali, nikauza tuseme milioni 10, ningekuwa mbele kwa karibu milioni tatu.

Jirani yangu nilipomwonyesha ukurasa huu aliutazama kwa muda akasema, "Lakini mimi zangu nilizishika mkononi." Ni kweli. Fedha ya mafuta ambayo hukuitumia haikai kwenye bahasha ukaihesabu siku ya kuuza. Ilikwenda kwenye sukari, nauli za watoto na michango ya harusi, na hakuna anayeikumbuka. Hasara ya kuuza gari inakupiga siku moja, mchana, mbele ya watu.

Sitaki pia nieleweke kama wakala wa haibridi. Yule mwenye kijiti cha sita Ilala, taa ikimwakia mwezi ujao, faida yake ya mafuta ya miaka mitatu inaweza kuondoka kwa asubuhi moja. Tena karatasi nayo huchezewa. Fundi wa Ilala aliniambia wapo wanaofuta kosa kwenye kompyuta asubuhi, gari linauzwa saa sita, na pembetatu inarudi mnunuzi akiwa anapita Kimara kwenda kumwonyesha mama mkwe. Kwa hiyo karatasi ya mwezi uliopita ni picha ya mwezi uliopita. Kipimo ni siku hiyo, mbele ya macho yako, gari likikazwa mafuta.

Wala haibridi si jina moja. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina gia boksi ya klachi mbili, na Honda iliyaita magari hayo yarudi kurekebishwa mara kadhaa huko Japani ndani ya mwaka wake wa kwanza. Ni mashine nyingine kabisa na ya Toyota, yenye maradhi yake. Nissan Note e-Power nayo injini yake haisukumi tairi, inazalisha umeme tu. Kuyaweka yote kapu moja na kuyapa bei moja ya woga ni sawa na kumkataa kijana kwa sababu tu anatoka mkoa fulani. Prius ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Wenzetu wana miongo zaidi ya miwili na kitu hiki, sisi bado tunakisikiliza kwa sikio juu ya kiti.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kwenye ukurasa wako wa matangazo ya magari mna nafasi ya rangi, mna nafasi ya kilomita, hata ya namba D au E. Ongezeni mstari mmoja kwa haibridi: betri ilipimwa tarehe gani. Muuzaji akiuacha mtupu, msomaji atajua la kuuliza. Na mafundi wetu wa vyuo vya ufundi vya VETA wakifundishwa kusoma vile vijiti 10 na kusafisha ile feni, hakuna sababu ya mwalimu wa Segerea kumfuata mtu mmoja Ilala kana kwamba anakwenda kwa mganga.

Jina langu unalo. Usilichapishe tafadhali, kwa kuwa Aqua lile lina mwenyewe mpya sasa na sipendi anitafute kila taa ikiwaka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda yadi moja Kinondoni, binti yangu amepata kazi Kibaha na anataka gari la foleni. Palikuwa na Aqua jeupe, namba E, limepigwa rangi hadi unajiona meno. Muuzaji akanipa ufunguo kabla sijauomba. Nikamwambia, mwanangu, naomba kwanza uniinulie kiti cha nyuma nione ile feni. Akasema kwenye hizi Aqua kiti cha nyuma hakiinuki.

Nikamrudishia ufunguo wake, nikatoka kusubiri daladala.

Mwalimu mstaafu,
Segerea, Dar es Salaam